Santuri ya New York Iliyoita Uhuru kwa Kiswahili Chetu

Jumapili moja baada ya alasiri nilikuwa nimekaa barazani kwetu na wazee wawili wa mtaa, kahawa tungu mkononi, tunapiga soga. Mpwa wangu, kijana wa chuo ambaye masikio yake hayatoki kwenye simu, akaja akachutama mbele yetu.

“Mjomba, hebu sikiza hii, kisha uniambie ni ya wapi.”

Kwanza zikaja ngoma. Kisha sauti ya mwanamume, nzito, yasema Kiswahili pole pole kama mtu anayesoma tangazo siku ya jambo kubwa. Baadaye yakaingia matarumbeta na saksafoni kwa kishindo, kama mlango uliofunguliwa na upepo wa kaskazi.

Mzee wa kwanza akasema, “Hiyo ni bendi ya polisi, ya siku za Uhuru.” Wa pili akatikisa kichwa. “Wapi! Bendi ya polisi haikupiga hivyo hata siku moja. Na huyu msemaji si mtu wa kwetu. Yuwasema kama mtu wa Tanganyika.”

Mzee wa pili alikuwa na masikio mazuri. Msemaji alikuwa mtu wa Tanganyika kweli. Lakini muziki ule haukurekodiwa Dar es Salaam wala Nairobi. Ulirekodiwa mjini New York, Marekani, mwezi wa Novemba mwaka wa 1960, na watu ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kuikanyaga Afrika Mashariki. Santuri yenyewe inaitwa Uhuru Afrika.

Mimi nilikutana nayo nilipokuwa nasomea diploma ya uandishi wa habari. Mwalimu wetu alitupa kazi ya kutafuta mahali ambapo Kiswahili kimetumika mbali na kwao. Wenzangu wakaandika juu ya idhaa za redio za ng’ambo. Mimi nikaangukia santuri hii, na tangu siku hiyo haijanitoka kichwani. Leo nataka niwaelezee wasomaji wangu ilivyotengenezwa, kwa sababu ndani yake mna funzo ambalo sisi watu wa pwani tumelichelewa, na kila msiba unaopita tunazidi kulichelewa.

Mwenye wazo

Mwenye santuri hii ni Randy Weston, mpiga piano aliyezaliwa Brooklyn, New York, mwaka wa 1926. Alikuwa mtu mrefu kupita kiasi, zaidi ya futi sita na nusu, na mikono yake ilikuwa ikitandaa juu ya piano kama nyavu. Baba yake alikuwa na mkahawa, na alikuwa mfuasi wa Marcus Garvey, yule Mjamaika aliyewahimiza watu weusi wa Marekani wasiisahau Afrika. Mzee huyo alimlea mwanawe kwa neno moja ambalo Weston alilirudia maisha yake yote: wewe ni Mwafrika uliyezaliwa Marekani. Akamjazia nyumba vitabu na ramani za Afrika, wakati ambapo watoto wenzake walikuwa wakiiona Afrika kwenye sinema za Tarzan tu.

Kufika mwaka wa 1960 Weston alikuwa na jina katika muziki wa jazz. Alikuwa ameshatunga nyimbo ambazo wenzake walizipenda na kuzipiga. Mwaka huo ndio ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Bendera mpya zilikuwa zikipandishwa pale makao makuu ya Umoja wa Mataifa, na makao hayo yako New York, mjini kwake. Wanadiplomasia wa Kiafrika, wamevaa nguo za kwao, walikuwa wakionekana kwenye mitaa ambayo yeye mwenyewe kama Mmarekani mweusi alikuwa bado anabaguliwa. Weston akaamua kutengeneza kazi kubwa ya kuisalimia Afrika inayozaliwa upya.

Angeweza kutunga wimbo mmoja akaondokea hapo. Yeye alitaka kitu kirefu chenye sehemu nne, na bendi kubwa, waimbaji na ngoma. Tena alitaka sauti ya Kiafrika isikike humo kwa lugha ya Kiafrika, si kwa Kiingereza.

Kwa nini Kiswahili?

Hapa ndipo sisi tunapoingia. Weston hakujua lugha hata moja ya Afrika. Akaenda kuwauliza Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa: nikitaka lugha moja ya kuliwakilisha bara zima, nichukue ipi? Jawabu alilolipata ni Kiswahili.

Tulitafakari hilo kidogo. Watu walioulizwa hawakuwa Waswahili. Walitoka nchi nyingi na kila mmoja ana lugha ya mama yake. Lakini waliona kwamba Kiswahili kimeshavuka mipaka. Kilisemwa Kenya, Tanganyika, Zanzibar, Kongo na Uganda, na watu wa makabila mbalimbali walikuwa wakikitumia kuelewana. Lugha iliyolelewa na mabaharia, wakulima, masheikh na washairi wa mwambao wetu ikachaguliwa kusema kwa niaba ya bara zima, tena mbele ya dunia.

Msomaji wa maneno alipatikana: Tuntemeke Sanga, mtu wa Tanganyika aliyekuwa New York wakati huo. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado haijapata uhuru. Iliungojea hadi Desemba 1961. Sisi Kenya tulingoja hadi Desemba 1963. Kwa hivyo mtu huyo alipokuwa akilitamka neno “uhuru” mbele ya maikrofoni, hakuwa akisimulia historia. Alikuwa akidai. Na kwetu pwani neno hilo lilikuwa na uzito wa namna yake, maana huu ulikuwa wakati ambapo wazee wetu walikuwa wakibishana juu ya ukanda wa maili kumi wa Sultani na hatima ya Mwambao. Barazani kwetu mjadala ule haujaisha hadi leo.

Maneno yenyewe yaliandikwa na Langston Hughes, mmoja katika washairi wakubwa wa Marekani weusi. Yeye na Weston walikuwa marafiki. Hughes aliandika shairi la kuufungulia muziki, likafasiriwa kwa Kiswahili, na ndilo linalosomwa juu ya ngoma mwanzoni mwa santuri. Aliandika pia maneno ya wimbo wa sehemu ya pili, African Lady, wa kuwasifu wanawake wa Kiafrika. Weston aliutunga akimfikiria mama yake na wanawake wote waliofanya kazi ngumu ya kulea bila kushukuriwa.

Ukiangalia majina ya sehemu za santuri utadhani imetoka Ngamiani: Uhuru Kwanza, kisha African Lady, kisha Bantu, na mwisho Kucheza Blues. Hilo la mwisho hunifanya nitabasamu kila nikiliona. Si Kiswahili cha kufundishia mtihani, lakini kila Mswahili analielewa, na linasema wazi: baada ya kudai uhuru, tucheze.

Mwanamke aliyeandika yote

Watu wengi wakiitaja santuri hii humtaja Weston na kumaliza. Yeye mwenyewe hakufanya hivyo. Kila alipoulizwa alimtaja Melba Liston.

Liston alizaliwa Kansas City mwaka wa 1926, mwaka mmoja na Weston. Alipiga tromboni, ala ambayo katika bendi za wakati ule ilikuwa ya wanaume, na akapiga katika bendi ya Dizzy Gillespie miongoni mwa magwiji. Lakini kipaji chake kikubwa kilikuwa kwenye karatasi. Alikuwa mpangaji wa muziki.

Niwaeleze kidogo kazi hiyo, kwa sababu ndiyo mhimili wa habari yote. Mtungaji anaweza kuwa na sauti kichwani, akaipiga kwa piano au akaivumisha kwa mdomo. Lakini ukiwa na watu zaidi ya ishirini huwezi kumwambia kila mmoja “piga kama hivi” kwa mdomo. Lazima mtu akae aamue: hapa waingie tarumbeta nne, hapa filimbi peke yake, hapa saksafoni nzito ishike chini, hapa wote wanyamaze ngoma ziseme. Kisha aandike karatasi ya nota kwa kila mpigaji, mmoja mmoja. Na katika jazz kuna jambo la ziada: mpangaji lazima aache nafasi wazi ambapo mpigaji fulani atapiga anachokijua mwenyewe pale pale, bila kuandikiwa. Kwa hiyo hukai ukaandikia “saksafoni” tu. Unamwandikia mtu. Lazima umjue anavyopumua, anapenda nini, akiachiwa atakwenda wapi.

Weston alikuwa akimpigia Liston nyimbo zake kwa piano, na Liston anaziandika, anazipanua, anazivika nguo. Wawili hao walifanya kazi pamoja kwa miaka mingi sana. Hata baada ya Liston kupata kiharusi mwaka wa 1985 na kushindwa tena kupiga tromboni, aliendelea kumpangia Weston muziki akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Waliokusanyika

Sasa tazameni ni nani waliitwa. Clark Terry na Freddie Hubbard kwenye tarumbeta; mmoja mkongwe, mwengine kijana wa miaka 22. Slide Hampton kwenye tromboni. Cecil Payne, rafiki wa Weston wa Brooklyn, kwenye saksafoni kubwa. Kenny Burrell kwenye gitaa. Ron Carter na George Duvivier kwenye besi. Kwenye midundo alikuwako Max Roach, ambaye miezi michache kabla alirekodi kazi yake mwenyewe ya kudai haki za watu weusi. Babatunde Olatunji wa Nigeria na ngoma zake. Candido wa Cuba na ngoma za kwao. Waimbaji walikuwa wawili, Martha Flowers na Brock Peters.

Na wasomaji wangu watapenda kujua kwamba kati ya wapigaji hao walikuwamo Waislamu. Yusef Lateef, mpiga saksafoni na filimbi, na Sahib Shihab, ambaye alizaliwa kwa jina la Edmund Gregory, wote wawili walikuwa wamesilimu. Lateef baadaye alikataa kupiga mahali panapouzwa pombe, na hata neno “jazz” hakulipenda kwa sababu ya maana chafu lililobeba zamani. Najua baadhi ya masheikh wetu wana maneno yao juu ya ala za muziki, na leo sikuja kuwajibu. Nasema tu kwamba mtu aliyeshika dini yake na kuiheshimu kazi yake alikuwako mle studioni siku Kiswahili kilipoitwa.

Nataka mwone jinsi Weston alivyowachagua. Hakuita waliokuwa na bei nafuu wala waliokuwa karibu. Aliita watu aliokuwa akiwastahi. Aliweka Mmarekani, Mnigeria, Mkuba na Mtanganyika chumba kimoja, kwa sababu wazo lake lilikuwa kwamba watu hawa ni ukoo mmoja uliotawanywa na bahari. Na wao wakakubali, ingawa wengi wao walikuwa na majina yao, kukaa chini ya karatasi za Melba Liston.

Saa tatu asubuhi

Kurekodi wakati ule hakukuwa kama leo. Leo kijana anaweza kurekodi ngoma leo, gitaa kesho, sauti wiki ijayo, na kompyuta ikasawazisha makosa yote. Mwaka wa 1960 bendi kubwa ilikaa chumba kimoja, maikrofoni zikapangwa, utepe ukaanza kuzunguka, na wote wakapiga kwa pamoja. Mmoja akikosea mahali pabaya, wote zaidi ya ishirini wanarudia. Na kila saa ya studio inalipiwa, na kila mpigaji analipwa.

Kazi ilipangiwa siku chache tu, katika studio ya Bell Sound, na ilikuwa ianze saa tatu asubuhi. Anayewajua watu wa jazz wa New York atacheka. Hao walikuwa wakipiga kwenye vilabu hadi karibu na alfajiri. Saa tatu asubuhi kwao ni usiku wa manane. Weston amesimulia kwamba alikuwa na wasiwasi mkubwa. Lakini asubuhi ilipofika, watu walikuja, na walikuja kwa wakati.

Mimi nikilifikiria jambo hilo naliona ndilo kubwa kuliko yote. Hakuna aliyewatuma askari. Walikuja kwa sababu waliyemkuta mlangoni ni mtu wanayemheshimu, na waliokuwa wakienda kukaa nao ni watu wanaowaheshimu. Mtu hapendi kuwa wa mwisho kufika mbele ya watu anaowastahi.

Santuri ikatolewa na kampuni ya Roulette. Mwaka wa 1964 serikali ya makaburu wa Afrika Kusini ikaipiga marufuku. Serikali yenye bunduki na vifaru ikaogopa santuri yenye piano, ngoma na Kiswahili. Weston mwenyewe hakuishia hapo. Alikwenda Nigeria, kisha akahamia Morocco mwaka wa 1967, akaishi Rabat na Tangier, akawa na klabu yake, na akajifunza kwa wapigaji wa Gnawa, watu wenye asili ya kusini mwa Sahara ambao muziki wao umejaa dua na kumswalia Mtume. Miaka ya 1990 akawarekodi wazee hao wa Gnawa, ili vizazi vijavyo viwasikie. Alifariki Septemba 2018, ana miaka 92.

Na sisi?

Nilipofika hapa katika kusimulia, mzee wa pili, yule mwenye masikio mazuri, akaweka kikombe chini. “Sasa, mwanangu, hao walikuwa na studio. Sisi twalikuwa na nini?”

Swali zuri, na jawabu lake ni kwamba sisi tulitangulia. Mwaka wa 1928, miaka 32 kabla ya Uhuru Afrika, Siti binti Saad wa Zanzibar na wenzake walipanda meli wakavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri za taarab kwa Kiswahili. Mwanamke aliyeanza maisha kwa kuuza vyungu aliondoka na kundi lake, watu kama Maalim Shaaban na Subeti Ambar, waliojuana na kuaminiana, wakarudi na sauti iliyosikika kila penye gramafoni mwambao mzima. Baadaye Mombasa yetu ikapata watu wa kurekodi hapa hapa. Santuri na kanda za kina Zein l’Abdin, Juma Bhalo, Matano Juma na Zuhura Swaleh zilirekodiwa na wafanyabiashara wa mji huu huu. Ndiyo maana leo, ingawa Zein na Bhalo wametangulia mbele ya haki, udi na ushairi wao bado tunao.

Lakini wangapi hatunao?

Nitawapa mfano wangu, nao unaniuma. Kulikuwa na mzee wa fidla mtaani kwetu. Sitalitaja jina lake kwa sababu wanawe wapo na sikuwaomba ruhusa. Alipiga harusi za mama zetu. Alikuwa na namna ya kuuvuta upinde mwisho wa ubeti hata ukadhani fidla imemjibu mwimbaji. Mwaka wa 2011 nilimwendea, nikamwambia nataka nimkusanye yeye na wenzake watatu: mzee wa udi, mzee wa kinanda, na bwana mmoja wa dumbaki. Nataka niwarekodi nyimbo kumi tu. Akafurahi. Akaniambia, “Wewe nipigie simu tu. Mimi nipo.”

Nikaenda studio moja ya hapa mjini. Kijana mwenye studio hakuwa mtu mbaya, ila alitaka kila mzee arekodi peke yake, siku yake, amevaa vifaa vya masikioni vyenye mdundo wa kompyuta. Nilimweleza kwamba taarab haiendi hivyo. Fidla humfuata mwimbaji. Mwimbaji akivuta, fidla huvuta. Dumbaki humtazama machoni mpiga udi. Ukiwatenganisha umewaua. Akaniambia chumba chake hakitoshi watu watano. Kisha mzee wa kinanda akasafiri. Kisha mimi nikapata kazi ya muda Nairobi. Kisha Ramadhani ikaingia, tukasema tungoje Idi. Idi ikapita, tukasema tungoje shule zifunguliwe.

Simu ile sikuipiga. Mzee wa fidla alifariki mwaka uliofuata, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mzee wa udi akafuata. Kilichobaki ni dakika nne kwenye simu ya jirani, zilizochukuliwa harusini, na nusu yake ni jenereta na vigelegele.

Kosa halikuwa la studio wala la wazee. Lilikuwa langu. Nilikuwa na wazo la Weston bila kazi ya Melba Liston. Sikuandika chochote. Sikupanga siku. Sikuwa na orodha ya nyimbo. Nilidhani heshima niliyonayo kwa wazee wale inatosha, na heshima bila tarehe ni maneno ya barazani tu.

Kinachohitajika

Kwa hiyo nimeandika hapa mambo machache, kwa yeyote mwenye babu, mjomba au jirani ambaye bado anashika ala au anajua kuimba.

Kwanza, chagua siku mbili na uzitangaze mapema, kama harusi. Harusi zetu hazikosi kufanyika kwa sababu siku imeshatajwa na watu wameshaalikwa. Siku ikitajwa, mambo mengine yatajipanga nyuma yake.

Pili, waite wanaoheshimiana, hata kama ni wachache. Wazee watatu waliokwisha kupiga pamoja miaka thelathini ni bora kuliko kumi wasiojuana.

Tatu, awepo mtu wa kalamu. Si lazima ajue nota. Aandike jina la wimbo, mtunzi wa maneno, mwenye sauti, bahari ya shairi, nani alipiga nini, na ulipigwa wapi mara ya kwanza. Nyimbo zetu nyingi leo zinaitwa “za zamani” na basi, kana kwamba ziliokotwa ufuoni.

Nne, andikeni makubaliano. Kanda ikiuzwa au ikiwekwa kwenye intaneti, nani anapata nini? Wazee wetu wengi walirekodiwa wakalipwa mara moja, nyimbo zikaendelea kuuzwa na wao hawakuona tena hata senti. Karatasi moja yenye sahihi inaondoa ugomvi wa warithi.

Tano, rekodini wote pamoja, chumba kimoja, hata kama ni sebule iliyotandikwa mazulia ili sauti isigonge ukutani. Simu nzuri iliyowekwa mahali pazuri, feni imezimwa na mlango umefungwa, itatoa kitu kitakachosikilizwa miaka hamsini ijayo. Studio kubwa ambayo hamkuifikia haitatoa chochote.

Wale wa New York walikuwa na pesa na mashine kutushinda. Lakini wao walikwenda kutafuta lugha, wakaazima yetu. Sisi lugha tunayo, mashairi tunayo, na wazee wachache bado tunao. Si haki Kiswahili kisikike vizuri zaidi katika santuri ya Brooklyn kuliko katika kumbukumbu za Mji wa Kale.

Jioni ile, baada ya swala ya magharibi, mpwa wangu alirudi na daftari. Tukaandika majina. Tuliyapata manne: mpiga udi mmoja, bibi mmoja mwimbaji aliyeacha kuimba hadharani tangu ahiji lakini akubali kuimba nyumbani mbele ya wanawe, mpiga akodioni mmoja, na bwana wa dumbaki, yule yule wa mwaka wa 2011, ndiye pekee aliyebaki.

Nilimpigia simu huyo wa mwisho kabla ya isha. Nilimtajia siku: Jumamosi na Jumapili za mwisho wa mwezi, nyumbani kwetu, saa tatu asubuhi. Akanyamaza kidogo.

“Saa tatu asubuhi?” akauliza. “Na chai itakuwapo?”

Nikamwambia itakuwapo, na mahamri. Akasema atakuja saa mbili.